Usingizi wa Chombo

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, mitaa ya Lushoto huamshwa na kiki. Moja, mbili, tatu, kisha mngurumo unaokohoa na kuzima. Dereva anavuta choki, anapiga tena. Ukungu bado umelalia mabati, baridi imeshuka karibu na nyuzi 10, na pikipiki ileile iliyopanda jana kutoka Mombo na abiria wawili na gunia la mchele leo inataka kubembelezwa. Usiku kucha ilikuwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na godoro la watoto, kiti kimefunikwa khanga kuukuu.

Kwa mtu wa milima hii ya Usambara, kuhifadhi pikipiki wakati wa baridi ni huko tu: shughuli ya usiku mmoja mmoja. Mwambie dereva wa kijiweni kwamba ziko nchi ambako pikipiki hufungiwa Oktoba na kufunguliwa Aprili, uone atakavyocheka. Swali lake la kwanza litakuwa la hesabu, ile fedha anayompelekea mwenye pikipiki: bosi wa dereva wa huko kakubali?

Nchi hizo zipo, na mojawapo ni ya hao hao walioupa mji huu jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao. Ujerumani, tangu 1997, mwenye chombo anaweza kuchukua namba ya msimu. Pembeni mwa kibao huandikwa miezi miwili, mmoja juu ya mwingine. Ukiona 04 juu na 10 chini, ujue chombo kina ruhusa ya barabarani kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Kodi na bima huhesabiwa kwa miezi hiyo peke yake. Nje ya hapo, hata kukiegesha kando ya barabara ya umma ni kosa. Waingereza nao, tangu 1998, wana utaratibu wa mwenye chombo kuitangazia serikali kwamba kimelala.

Ndani ya banda la Mjerumani kuna kazi za kufanya kabla ya kuzima taa. Oili hubadilishwa kabla ya mapumziko, si mwisho wake, kwa sababu oili chafu imebeba maji na asidi, na hizo zikikaa miezi mitano zinaitafuna injini kimyakimya. Tangi hujazwa hadi shingoni, maana tangi lenye nafasi huvuta unyevu wa hewa na kushika kutu kwa ndani. Kabureta hukaushwa, la sivyo petroli inayobaki humo hugeuka kitu kama gundi na kuziba vitundu. Betri hutolewa na kuwekwa kwenye chaji ndogo, kwani iliyoisha chaji huganda upesi na kupasuka. Magurudumu huinuliwa, bomba la moshi huzibwa panya wasifanye makao. Na kabla ya yote, pikipiki huoshwa, kwa sababu barabara zao, baridi ikianza, humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu.

Mtu wa Pangani, kule pwani, akisikia chumvi haelezwi zaidi. Na hapa lugha yetu imetutangulia: jahazi ni chombo, na pikipiki, kinywani mwa trafiki, ni chombo cha moto. Pwani yetu ilijua kulaza chombo karne nyingi kabla ya injini. Kusi ikipamba moto, bahari ikachafuka, nahodha hakushindana nayo. Alingoja bamvua, akakipandisha chombo na maji makubwa, maji yakapwa, chombo kikabaki juu ya mchanga kimeshikiliwa na magadi, miti ya kukiegemeza, pande zote mbili. Tumbo lake likachomwa kwa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Mafundi wakakalafati kwa pamba, chini wakapaka shahamu na chokaa, juu wakapaka sifa, mafuta ya samaki yenye harufu ambayo haisahauliki ukiivuta mara moja.

Weka banda la Mjerumani kando ya ufuko huo uone. Kuinua chombo kisikalie uzito wake, kukilisha mafuta, kuziba mianya, kukisafisha kabla hakijalala: ni elimu moja. Hata hivyo ziko tofauti, na mimi nina upande wangu. Pikipiki ya Mjerumani hulala peke yake gizani chini ya turubai. Jahazi lililopandishwa lilizungukwa na watu, na msimu wake wa kutosafiri ulikuwa msimu wa mafundi kula. Mapumziko ya namna hiyo nayapenda zaidi.

Sasa turudi mlimani. Nusu ya maagizo ya Ujerumani hayatuhusu, betri ya Lushoto haigandi. Isitoshe, msimu wetu mgumu si kipupwe, ni masika, pale njia za Mtae na Bumbuli zinapokuwa tope jekundu linalojaza madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Kama pikipiki ya Usambara ingekuwa na haki ya kupumzika, ingepumzika Aprili. Haipumziki. Bosi mwenye utu hupunguza hesabu wakati wa mvua. Bosi wa aina nyingine, hesabu yake haijui mvua. Na kabichi za Lukozi haziwezi kuambiwa zingoje jua.

Kwa kuwa hatuna desturi ya kulaza chombo, siku kinapolala kwa dharura hufa. Mjomba wangu wa Soni aliugua, pikipiki yake ikakaa miezi minane chini ya mwembe imefunikwa mfuko wa mbolea. Tulipoifunua, plastiki ilikuwa imelia maji kwa ndani, cheni imekuwa kitu kimoja, tangi linamwaga unga mwekundu, na kwenye kichujio cha hewa panya alikuwa amezaa. Fundi aliizunguka mara mbili. "Shikamoo mzee," akamwambia mjomba, "hii haikuchoka kutembea. Imeuawa na usingizi." Matengenezo yakakaribia bei ya kununua nyingine iliyotumika.

Tena sheria isingemzuia mjomba kuilaza pikipiki yake ipasavyo. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto ilifutwa Tanzania katika bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo pikipiki iliyolala huku hailipi ada hiyo, wala haihitaji namba ya msimu. Bima ndiyo huendelea kuhesabu siku zake, itembee isitembee. Tulichokosa, basi, ni lita moja ya oili mpya, turubai linalopitisha hewa na mawe mawili ya kuinulia magurudumu.

Lakini la mwisho linawahusu hata wale ambao pikipiki zao hulala usiku mmoja tu. Mjerumani ana banda, nahodha alikuwa na ufuko, sisi tuna sebule. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: haupandi darini, hutambaa sakafuni, na sakafuni ndipo lilipo jiko la mkaa tunalootea baridi ya Julai, na ndipo lilipo godoro la watoto. Wewe dereva unayesoma haya, leo jioni fanya mambo mawili kabla ya kuiingiza ndani. Funga koki ya mafuta ukiwa bado nje, uache injini iungurume mpaka izime yenyewe. Kisha toa jiko, uingize pikipiki.