Chanda Chema na Pete Iliyochelewa

Wengi wetu tunaijua baiskeli kuwa ni chombo cha kwendea shambani, sokoni au shuleni. Huko Ulaya na Amerika ilijengewa pia viwanja vyake maalumu vya mashindano, viitwavyo velodromu. Njia ya mbio ina umbo la yai, na penye kona huinuliwa upande wa nje mithili ya ukingo wa bakuli, ili apitaye kwa kasi asitupwe nje. Baiskeli zenyewe hazina breki, na zina gia moja tu. Maadamu gurudumu linazunguka, miguu nayo huzunguka.

Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo huu ulipendwa mno nchini Marekani. Ndimo alimoinukia Marshall Taylor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mjini Indianapolis mwaka 1878. Alipokuwa kijana aliajiriwa katika duka la baiskeli, akawa akivutia wateja kwa michezo ya baiskeli hali amevaa sare ya kijeshi; ndipo watu wakambandika jina la Major, yaani Meja.

Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha baiskeli nchini humo, League of American Wheelmen, kilipitisha kanuni ya kuwazuia watu weusi wasiwe wanachama. Taylor hakurudi nyuma. Mwaka 1896 aliingia katika mashindano ya kulipwa huko New York. Uwanjani wapinzani walishirikiana kumbana katikati asipate njia. Na mwaka 1897, baada ya mbio moja katika jimbo la Massachusetts, mwenzake mmoja alimkaba koo hadi akazimia. Juu ya hayo yote, mwaka 1899 huko Montreal, Kanada, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Mwaka 1901 alivuka bahari akashindana Ulaya. Mjini Paris alishindwa kwanza na Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa mwaka 1900. Siku chache baadaye wakarudiana, na Taylor akamshinda.

Alistaafu mwaka 1910. Mali yake ikapukutika, akafariki mjini Chicago mwaka 1932, akazikwa katika kaburi la kimaskini lisilo na alama. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani walimhamishia mahali pa heshima. Na mwaka 1982 mji wa Indianapolis ulifungua velodromu yenye jina lake.

Saa ipimayo kasi haiulizi rangi ya mtu. Waulizao ni wanadamu. Sisi walimu huwafundisha watoto kwamba chanda chema huvikwa pete. Chanda cha Taylor kilikuwa chema, na mji wake ulikivika pete miaka 50 baada ya kifo chake. Basi tuifundishapo methali hii, tusisite kuwauliza wanafunzi wetu: pete hiyo ilishikwa na nani muda wote huo?