Ol Doinyo Lengai: Tuliupanda Mlima Upi?

Ndugu zangu, wengi wenu mnaukumbuka ubishi uliozuka baada ya chakula cha jioni katika mkutano wetu uliopita. Mimi nilisimulia jinsi darasa letu la kidato cha tano lilivyoupanda Ol Doinyo Lengai mwaka 1974, na jinsi tulivyolala kifudifudi ukingoni tukachungulia shimo refu lenye kuta zilizosimama wima. Ndugu yetu mmoja wa miaka ya nyuma yetu alicheka. Yeye mwaka 1995 alitembea ndani ya kasoko kama mtu avukaye uwanja wa mpira, akipita kati ya vichuguu vya lava vilivyotoa moshi. Kijana wa tatu, aliyepanda mwaka 2012, akasema shimo lipo, ila limo ndani ya kilima cha majivu ambacho sisi wawili hatukukitaja kabisa. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba katika watatu hao, wawili ni waongo. Watu wakacheka, nami nikaenda kulala na donge moyoni.

Tangu siku ile nimeufuatilia mlima huo katika historia, na leo naleta hukumu.

Kwanza niwakumbushe safari yenyewe. Mlima una urefu wa mita 2,962, nao umesimama peke yake kusini mwa Ziwa Natron. Haushindi Kilimanjaro kwa urefu, lakini hupandwa na kushukwa kwa siku moja, na ndiyo taabu yake. Hakuna mti wala maji, na jua la bonde lile halina huruma. Kwa hiyo tuliondoka saa sita usiku. Juu zaidi mteremko ni mkali kama paa la nyumba, na majivu huteleza: unapiga hatua mbili, unarudi moja. Alfajiri mwenzetu mmoja aliteleza, akaokolewa na rafiki aliyemdaka kwa mkanda wa kaptula. Tulipofika juu jua lilikuwa linachomoza, ziwa likiwa jekundu chini yetu, na upande wa pili mlima Gelai. Mzee wa Kimaasai aliyetuongoza alikaa kimya kando. Kwa watu wake jina hilo maana yake ni Mlima wa Mungu, na huko huenda kuomba mvua na watoto.

Sasa historia. Wajerumani Carl Uhlig na Fritz Jaeger walifika mlimani hapo mwaka 1904. Mwaka 1917 mlima ulilipuka, na ukalipuka tena mwaka 1940 hadi 1941. Mwaka 1960 mtaalamu wa miamba J. B. Dawson aliikuta lava ndani ya kasoko, na uchunguzi wake ukawashangaza wataalamu wenzake. Lava ya milima mingine mingi huwa na joto la nyuzi 1,000 za Sentigredi na zaidi; hii ina kama 500 hadi 600 tu. Hutiririka nyeusi na nyepesi kama matope ya mvua, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Asili yake ni chumvi za jamii ya magadi, na hakuna volkano nyingine hai duniani ijulikanayo kutoa lava ya namna hiyo.

Lava hiyo nyepesi ndiyo ufunguo wa ubishi wetu. Huijaza kasoko polepole kama maji yajazavyo mtungi. Halafu siku moja mlima hulipuka na kuutoboa mtungi. Mwaka 1966 ulilipuka hivyo, ukaacha shimo refu, nao ukatulia. Shimo hilo ndilo tulilochungulia sisi. Mwaka 1983 lava ilianza tena, na kufikia mwaka 1998 kasoko lilikuwa limejaa hata ikamwagika nje ya ukingo. Kwa hiyo ndugu yetu wa 1995 alitembea kweli juu ya sakafu iliyofunika shimo letu. Kisha Julai 2007 matetemeko yalianza, moja likasikika hadi Nairobi, na Septemba mlima ulilipuka. Milipuko iliendelea hadi mwaka 2008. Sakafu ikaporomoka, na majivu yakajenga kilima kipya kuzunguka shimo jipya. Hicho ndicho alichokiona kijana wetu. Tangu hapo lava imeanza tena kujaza.

Basi hukumu yangu ni hii: hakuna aliyesema uongo. Kosa letu ni kwamba kila mmoja alieleza alichokiona, lakini hakuna aliyeuliza mwenzake alikiona lini. Tulidhani mlima haubadiliki kwa kuwa ni mlima.

Yule rafiki aliyemdaka mwenzake kwa mkanda ametangulia mbele ya haki. Wa darasa lile tuliobaki tunahesabika kwa vidole, na shimo tulilolichungulia halipo tena popote ila vichwani mwetu. Kwa hiyo naomba kila aliyewahi kupanda, kabla ya mkutano ujao, aandike kwenye karatasi mambo mawili: mwaka aliopanda, na alichokikuta juu. Karatasi hizo tuzikabidhi maktaba ya shule. Vijana watakaopanda kesho watakuta mlima mwingine, na wasije wakatuita waongo.