Imegoma

Kibondo na Kasulu, kama kwingineko nchini Tanzania, mashine isiyofanya kazi "imegoma". Kitenzi cha mfanyakazi aliyeweka zana chini kimehamia kwenye pikipiki, simu, na hata kompyuta ya Linux iliyopandishwa toleo: "DVD imegoma." Nakipenda, lakini hakimsaidii fundi. Diski isipoonekana kabisa, kagua waya na lenzi. Ikiwa orodha ya mafaili yake inaonekana ila filamu haichezi, shaka programu. DVD nyingi za filamu zimetiwa kufuli la kidijitali, na Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, haiji na libdvdcss, programu inayolifungua. Isitoshe, mfumo unapopanda toleo huzima hazina za programu za nje, ambako huenda uliipata. Sakinisha libdvd-pkg, inayoileta libdvdcss, kisha andika kwenye terminal sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg. Kazi hiyo hushusha mafaili mtandaoni, kwa hiyo nunua bando kwanza. Picha ikikwamakwama, futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Nawasihi wasomaji: mkienda kwa fundi, semeni haionekani, haifunguki, inakwamakwama, au haina sauti. Ataanza kazi pale penye tatizo.