Pikapu Yako Haijarogwa, Inatunzwa Kama Gari la Babu

Wenye pikapu, leo ni yenu. Kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei ya mafuta, naskia lawama zilezile: gari inakunywa, petrol station wanaiba, serikali inatumaliza. Kuhusu serikali sibishani. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikafika 16 Julai 2023, na Septemba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ikauzwa shilingi 211.64. Lakini kuna sehemu ya hasara ambayo haikupitishwa Bungeni. Ilipitishwa gereji, tena zamani.

Hapa Hurlingham tunaishi kwa mgongo wa pikapu. Maji, gesi, makochi, miche ya maua, vyote vinapanda Valley Road na kuingia Argwings Kodhek kwa pikapu. Ikinywa vibaya, mwenye kulipa ni mfanyabiashara mdogo, halafu mimi na wewe tunaongezewa bei. Kwa hivyo hii historia si ya kujifurahisha.

Turudi 1973. Mwaka huo Mzee Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri iliyokuwa ikiwabana. Matatu nyingi za enzi hizo zilikuwa pikapu zilizofungwa paa na mabenchi nyuma, abiria wakitazamana. Peugeot 404 ilikuwa na jina kubwa: ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ikashinda 1975 na 1978. Mkenya alikuwa ameona kwa macho kwamba hiyo gari haiogopi matope.

Lakini Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mafuta kwa sababu ya vita na Israeli. Kufikia mwanzo wa 1974, pipa lililokuwa kama dola 3 lilikuwa linakaribia dola 12. Yaani matatu ilipewa uhuru na bili ya mafuta ndani ya mwaka mmoja. Hapo ndipo swali la "inaenda kilomita ngapi kwa lita" likawa swali la unga nyumbani.

Na Nairobi ina shida yake ambayo Mombasa haina: mwinuko. Tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 18. Kilo moja ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa ndio iungue vizuri. Kabureta ya pikapu za zamani ilipima mafuta kwa katundu kadogo kanaitwa jeti, na jeti haijui kama gari iko Likoni au iko Limuru. Gari iliyopangwa kwa hewa ya Pwani ikifika huku, hewa inapungua lakini mafuta hayapungui kwa kiasi hicho. Matokeo ni plagi zimejaa masizi, moshi mweusi, nguvu kidogo, na tangi linakauka mapema.

Suluhisho la shida hii lilikuwa mikononi mwa mafundi, kama wale wa Kirinyaga Road, ile wengi bado wanaiita Grogan. Fundi mzuri alitoa plagi akasoma rangi yake. Nyeusi ya masizi, mafuta ni mengi. Nyeupe, mafuta ni machache na injini itachemka. Rangi ya kahawia, tuko sawa. Kisha alibadilisha jeti akaweka ndogo, akasogeza taimingi kidogo, akasafisha chujio la hewa. Na akimrudisha mteja Mombasa, alijua lazima airekebishe tena. Hiyo ilikuwa sayansi kamili, hata kama ilifanywa chini ya mti.

Sasa ndio nafika kwa shida yetu. Kuanzia miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yalipomiminika, kabureta ilianza kuaga. Injini za EFI zikaja na sensa zinazopima hewa, na kompyuta inayopunguza mafuta yenyewe gari ikipanda mlima. Teknolojia ilibadilika, lakini ushauri wa gereji nyingi haukubadilika. Dawa ya jana imekuwa ugonjwa wa leo.

Angalia thamostati. Injini ikichemka, kuna fundi atakwambia "hii ni ya baridi ya Ulaya, Afrika haihitajiki," anaing'oa. Ukweli ni kwamba kazi yake ni kusaidia injini ifike haraka joto la kazi, karibu nyuzi 80 hadi 90, na ibaki hapo. Bila hiyo, hasa asubuhi za Julai hapa Nairobi, maji ya rejeta yanabaki baridi, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ikidhani gari ndio imewashwa. Umetibu kuchemka kwa kulipia petroli kila siku, na kasoro ya rejeta iko palepale.

Angalia pia kupasha injini dakika kumi kabla ya kutoka. Kabureta na choki yake ilihitaji kusubiriwa. EFI inataka nusu dakika hivi, kisha uende polepole. Pikapu ikinguruma imesimama inaweza kumaliza karibu lita moja kwa saa, na ile jam ya Argwings Kodhek jioni tayari inakukata yako. Usianze kulipa ukiwa bado kwa geti.

Wa dizeli nao wana lao: kukazwa pampu "ipate nguvu". Injini isiyo na tabo, kwa hewa yetu nyepesi, haina hewa ya kuchoma hayo mafuta ya ziada. Ule moshi mweusi unaoacha Valley Road ni pesa yako, tena wengine tunaivuta kwa mapafu.

Juu ya hayo yote, siku hizi kuna vidonge vya kutupa kwa tangi na sumaku za kufunga kwa paipu ya mafuta. Nimeshaombwa mara mbili kuvitangaza kwa ukurasa huu, na pesa ilikuwa nzuri. Nilikataa juu hii sinema imeshachezwa. Baada ya mshtuko wa 1973, Marekani ilijaa vifaa vya aina hiyo, na shirika lao la mazingira likapima zaidi ya 100. Vichache mno vilisaidia, tena kidogo.

Fanya hesabu ya kawaida. Tuseme pikapu yako inatembea kilomita 100 kwa siku. Ikienda kilomita 8 kwa lita, inakula lita 12.5. Ukiirudisha hadi 10, inakula lita 10. Kwa shilingi 200 kwa lita, hiyo ni 500 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 13,000. Hiyo ni karo, ama kodi ya nyumba ya mtu.

Kwa hivyo ukienda gereji wiki hii, usiulize "nitaweka nini ipunguze kunywa?" Uliza nini kilitolewa. Thamostati iko? Sensa ya oksijeni inafanya kazi ama waya zilikatwa taa izimike? Presha ya tairi inalingana na ile imeandikwa kwa mlango, au ni ile fundi alikisia kwa kupiga teke? Na ile mizigo unayozunguka nayo nyuma tangu Krismasi, inamlipia nani?

Mafundi wa Grogan waliokoa mafuta kwa sababu walijua gari iliyo mbele yao na mji walio ndani yake. Fundi wako akianza kung'oa kitu kabla hajapima chochote, chukua funguo uende kwa mwingine.