Dollis Hill, Prestel na Alama ya Kuuliza: Kisa cha Kiungo Kinachochagua



Vijana wengi wanadhani kwamba ukurasa unaobadilika kulingana na kiungo ulichobonyeza ni uvumbuzi wa Wamarekani wa miaka ya 1990. Si kweli, au tuseme si kweli yote. Huku ninakoishi mie, ukipanda treni ya Jubilee kutoka Kilburn, kituo cha kwanza ni Willesden Green, cha pili Dollis Hill. Juu ya kilima kile Posta ya Uingereza ilikuwa na kituo chake cha utafiti tangu 1921, mpaka kilipohamia Martlesham, Suffolk, miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya kisa hiki inapita pale.

Lakini tuanze mbali kidogo, kwa mzika maiti. Almon Strowger wa Kansas City alikuwa na biashara ya mazishi. Inasimuliwa kwamba opereta wa simu mjini pale alikuwa na udugu na mshindani wake, basi kila mfiwa aliyemtaka Strowger akawa anaunganishwa na yule mwingine. Iwe kweli ama chumvi za wasimulizi, hataza yake ya 1891 ipo: swichi inayofuata mapigo ya umeme anayotuma mpigaji mwenyewe, bila mtu wa katikati. Huyu mtu wa katikati naomba mumweke akilini.

Wahandisi wa Dollis Hill waliishi na swichi za aina hiyo. Julai 1936 wakatoa saa inayosema: Mlondoni alizungusha herufi TIM akasikia sauti ya mwanamke, iliyorekodiwa kwenye sahani za kioo, ikimtajia saa. Namba unayopiga ndiyo inayoamua utakachopata. Hapo hapo Tommy Flowers, fundi wa swichi za simu, aliunda Colossus, kompyuta iliyoanza kuvunja siri za Wajerumani mapema 1944, na kwa miongo mitatu akawa haruhusiwi kuitaja.

Sasa Prestel. Mhandisi wa Posta, Sam Fedida, aliwaza kuunganisha vitu viwili ambavyo Mwingereza tayari alikuwa navyo sebuleni: televisheni na simu. Huduma ilifunguliwa kwa umma 1979, mwaka ule ule wa treni yetu ya Jubilee. BBC walikuwa tayari na Ceefax tangu 1974, lakini Ceefax ilirusha kurasa zake zote kwa mzunguko, nawe ukingoje wako upite. Prestel ilikusikiliza. Kila ukurasa ulikuwa na orodha, na ukibonyeza tarakimu moja, 0 hadi 9, kompyuta ya mbali iliangalia vitu viwili: uko ukurasa gani, na umebonyeza nini. Tarakimu 3 hapa ilikupeleka kwenye hali ya hewa, na 3 ile ile ukurasa mwingine ikakupeleka kwenye ratiba za ndege. Kurasa nyingine zilitozwa pesa kila ukizifungua, juu ya bili ya simu! Haishangazi kwamba huduma haikuenea, wakati Wafaransa, waliogawa mashine za Minitel bure, walifika mamilioni na kuiendesha hadi 2012.

Halafu ndipo anakuja Tim Berners-Lee, mzaliwa wa London, na pendekezo lake la 1989 pale CERN. Mtandao wake wa mwanzo kwa kawaida ulitoa faili zilizolala tayari, kiungo kimoja faili moja. Mwaka 1993 watu wa NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, walikubaliana jinsi seva itakavyoiamsha programu na kuikabidhi maneno yanayofuata alama ya kuuliza ndani ya anwani. Kialama kile kidogo kilibadilisha mambo. Ukurasa haukuwapo tena mpaka uuombe. Uliundwa pale pale. Bila hicho tusingekuwa na kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, ule mradi ulioanza Yale mwaka 1994 chini ya Martin Benjamin, maana nani angeandika kwa mkono faili moja kwa kila neno?

Sasa mtu wa katikati. Mwaka huo huo wa 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kile kijifaili cha kumbukumbu kinachokaa kwenye kompyuta yako, na tangu hapo seva iliweza kujua si kiungo gani kimebonyezwa tu bali nani amekibonyeza. Desemba 2009 Google ikaanza kumpangia kila mtafutaji matokeo yake, hata asiyejiandikisha. Yaani opereta wa Kansas City amerudi, tena safari hii hasikiki sauti.

Kwetu sisi watu wa nyaraka hili si jambo la falsafa. Mwanafunzi wa Dar na mwenzake wa Hamburg wananukuu anwani moja na huenda wameona maandishi mawili. Na Internet Archive, iliyoanza kuhifadhi kurasa mwaka 1996, hufuata viungo. Haiandiki neno kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa hiyo hifadhidata iliyofichwa nyuma ya kisanduku, hata iwe na tenzi elfu, siku seva ikizimwa haiachi kitu. Nimeona mradi mmoja, siutaji jina, wa masimulizi ya wazee wa pwani ukipotea hivyo: ufadhili uliisha, na kilichobaki ni ukurasa wa mbele na kisanduku kitupu.

Wenzangu mnaoandaa mikusanyo sasa, ombi langu ni moja: kila utenzi, kila barua, kila neno lipewe anwani yake ya kudumu, na pawe na orodha ya kawaida, hata kama haipendezi macho, inayoziunganisha zote. Kazi hiyo fundi anaimaliza kwa mchana mmoja.