Fuso, Kenta na "Uzito wa Kati": Historia ya Malori na Tatizo la Istilahi

Mfasiri wa nyaraka za uchukuzi hukabiliwa na jambo moja la kutatiza. Vyombo anavyovitafutia majina vimekwisha kupewa majina na watu wengine kabla yake. Madereva, matingo, mafundi na wafanyabiashara wa mazao hawangojei kamati ya istilahi ikutane. Lori linapofika sokoni huitwa kwa jina lililoandikwa usoni mwake, na jina hilo likishashika, halibanduki tena. Ndivyo "katapila" lilivyokuwa jina la mitambo ya kusukuma udongo, na "bajaji" likawa jina la kila chombo cha magurudumu matatu kinachochukua abiria, ijapokuwa asili ya maneno yote mawili ni majina ya kampuni. Ndivyo pia tulivyopata "fuso" na "kenta".

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya malori hayo mawili, na kuonyesha kwamba kile kinachoitwa "lori la uzito wa kati" hakikutokana na umbile la chombo chenyewe bali na sheria za nchi mbalimbali. Jambo hili likieleweka, mfasiri ataona kwa nini haitoshi kupata jina zuri la lori. Ni lazima pia apate jina sahihi la uzito wake. Kosa katika jambo hili la pili laweza kuua watu.

Asili ya jina

Jina Fuso lilianza kutumika kwa basi kabla ya lori. Mwaka 1932 kiwanda cha meli cha Mitsubishi kilichoko Kobe, Japani, kilikamilisha basi lililoitwa B46, lenye nafasi ya abiria 38 na injini ya petroli ya nguvu za farasi 100. Basi hilo lilikabidhiwa kwa Wizara ya Reli ya nchi hiyo. Neno lenyewe ni la kale. Katika maandishi ya Kichina, Fuso (kwa matamshi ya Kijapani) ni mti wa kimasimulizi unaoota mashariki ya mbali, pale jua linapochomoza. Na kwa kuwa Japani iko mashariki ya China, washairi walilitumia neno hilo kama jina la sifa la nchi ya Japani.

Kampuni iliyokuwa ikitumia jina hilo ilipitia mabadiliko mengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mitsubishi ya viwanda vizito iligawanywa kuwa kampuni tatu mwaka 1950, zikaungana tena mwaka 1964. Mwaka 1970 kazi ya magari ilitengwa na kupewa kampuni yake, Mitsubishi Motors. Na mwaka 2003 malori na mabasi yakatengwa tena, yakawa chini ya Mitsubishi Fuso. Kampuni hiyo iliingia mikononi mwa Wajerumani wa DaimlerChrysler, ambao kufikia mwaka 2005 walimiliki asilimia 85 ya hisa zake.

La kukumbuka ni kwamba huko Japani Fuso halikuwa kamwe jina la lori la ukubwa fulani. Ni jina la ukoo mzima: mabasi, malori makubwa, ya kati na madogo.

Kenta: mtoto mdogo wa ukoo

Mwaka 1963 lilitolewa lori dogo lililopewa jina la Canter. Neno hilo limetoka katika Kiingereza, nalo lina maana ya mwendo wa farasi anayekimbia bila kuharakisha sana, kasi isiyofikia mbio zake kamili.

Umbo la lori hilo lilichongwa na sheria. Sheria ya Japani iliweka daraja la "magari madogo" ambayo urefu wake haukuzidi mita 4.7, upana mita 1.7 na kimo mita 2. Na kama injini ilikuwa ya petroli, ujazo wake haukuruhusiwa kuzidi lita 2. Gari lililovuka mipaka hiyo lilihesabiwa katika daraja jingine. Basi, mhandisi aliyetaka kupata nafasi kubwa ya mzigo ndani ya mita 4.7 alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni kumkalisha dereva juu ya injini badala ya kumweka nyuma yake. Pua ya lori ikatoweka, na bodi ikarefuka. Uso huo bapa, ambao kwetu ndio alama ya kwanza ya kulitambulia lori la Kijapani, ni matokeo ya hesabu hiyo.

Canter imetengenezwa upya mara kwa mara: 1968, 1973, 1978, 1985, 1993, 2002 na 2010. Tangu mwaka 1980 imeunganishwa pia Tramagal, Ureno, kwa ajili ya soko la Ulaya. Na mwaka 2017 ilitolewa ile inayoendeshwa kwa umeme wa betri. Katika miaka hiyo yote jina halikubadilika, lakini uzito ulibadilika sana. Huko Ulaya ziliuzwa Canter za uzito wa jumla wa tani 3.5 na nyingine za tani 7.5. Vyombo hivyo viwili vyaitwa jina moja, lakini kwa kanuni za Ulaya ni vya madaraja mawili tofauti.

Lori la kati na mpaka wa leseni

Kati ya Canter na malori makubwa palikuwa na malori ya kati, ambayo mwaka 1984 yalipewa jina la Fighter, yaani mpiganaji. Hayo ndiyo mafundi wetu wanayoyajua kwa alama za FK na FM, na kwa injini za mfululizo wa 6D. Alama za injini hizo si mapambo tu: 6 ni idadi ya silinda, na D ni dizeli. Injini nyingi za kenta, kwa utaratibu huohuo, huanza na 4D.

Kwa nini Wajapani walihitaji lori la kati? Jibu liko katika leseni ya udereva. Hadi mwaka 2007, mtu mwenye leseni ya kawaida ya gari nchini Japani aliruhusiwa kuendesha lori ambalo uzito wake wa jumla haukufika tani 8 na mzigo wake haukufika tani 5. Zaidi ya hapo alihitaji leseni ya magari makubwa. Kwa hiyo kila mtengenezaji alijitahidi kuunda lori kubwa kadiri iwezekanavyo chini ya mpaka huo, na lori hilo likajulikana katika biashara kama "lori la tani 4", kwa kutaja mzigo wake. Mwaka 2007 sheria ilibadilishwa na kuanzishwa leseni ya magari ya kati, ya uzito wa jumla kuanzia tani 5 hadi kutofika tani 11. Mwaka 2017 likaongezwa daraja jingine chini yake, na mwanzo wa daraja la kati ukapandishwa hadi tani 7.5. Lori lilelile, bila kuguswa hata skrubu moja, laweza kuwa la kati mwaka huu na lisiwe la kati mwaka ujao.

Nchi nyingine zina mipaka yake. Kanuni za Ulaya huweka daraja la pili la magari ya mizigo kati ya tani 3.5 na tani 12. Marekani ina madaraja manane ya uzito wa jumla; aghalabu daraja la 4 hadi la 6, yaani kuanzia ratili 14,001 hadi 26,000 (takriban tani 6.4 hadi 11.8), huhesabiwa kuwa ya kati, na wengine huongeza la 7. FK ilipouzwa Marekani ilikuwa daraja la 6, na FM daraja la 7. Kwa hiyo hati ya Marekani na hati ya Japani zinapotaja "lori la kati", hazitaji kitu kimoja.

Jina lilivyogeuka maana kwetu

Malori haya yalifika Afrika ya Mashariki kwa njia mbili. Mengine yaliunganishwa hapa hapa. Mombasa, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kimeunganisha malori ya Fuso. Mengi yaliyobaki, hasa Tanzania, yalikuja yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Mwaka 1984 Serikali ya Tanzania ililegeza masharti ya biashara ya nje na kuwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Na kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, lori lililotoka huko lilikuwa na usukani upande unaotufaa.

Katika safari hiyo maana ya jina ilipungua. Jina la ukoo likawa jina la mtu mmoja. Mtanzania akisema "fuso" hamaanishi basi, wala hamaanishi kenta, ijapokuwa kenta nayo ina maandishi ya Fuso usoni. Anamaanisha lori la kati la uso bapa linalokwenda kijijini kuchukua mahindi, viazi au mkaa. Aidha, neno hilo limekwisha kuzaa mengine: likiongezwa ekseli ya pili nyuma, huitwa "fuso tandamu".

Kisarufi pia neno limejitegemea. Twasema "lori limepita, malori yamepita", lakini "fuso imepita, fuso zimepita"; na mara nyingine, kwa kukuza, "mafuso". Neno lililokwisha kupata ngeli, wingi na watoto haliwezi kufukuzwa kwa waraka.

Kasoro ya neno hili ni kwamba halina kipimo. "Fuso ya tani kumi" ni kauli ya kawaida sokoni, lakini tani kumi za nini? Msemaji mmoja anakusudia mzigo ambao lori limetengenezwa kubeba. Mwingine anakusudia mzigo ambao yeye huupakia. Wa tatu amesoma tarakimu kwenye kibandiko cha mlango, ambayo ni uzito wa lori na mzigo wake pamoja.

Uzito upi?

Tuchukue mfano. Lori lina uzito wa tani 5 likiwa tupu, na mtengenezaji ameruhusu uzito wa jumla wa tani 11. Mzigo wake, pamoja na watu walioko ndani, ni tani 6. Sasa mfasiri asiye mwangalifu anaandika katika kitabu cha maelekezo kwamba "uwezo wa kubeba ni tani 11". Mwenye lori anapakia tani 11. Uzito wa jumla unakuwa tani 16, yaani tani 5 zaidi ya zile ambazo breki, springi na matairi viliundwa kuzihimili.

Msomaji anaweza kusema kwamba lori hilo litakamatwa kwenye mizani. Yamkini halitakamatwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Jumla ni tani 18. Kwa kipimo cha ekseli peke yake, lori letu la tani 16 laweza kupita, kwa sababu kipimo hicho kimewekwa kuilinda barabara, wala hakikuwekwa kulinda breki za lori fulani. Barabara nayo ina haki ya kulindwa: majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli, hata ekseli ya tani 12 ikaharibu barabara kiasi cha mara mbili ya ekseli ya tani 10. Lakini dereva anayeteremka mlima na tani 16 katika lori la tani 11 hasaidiwi na hesabu hiyo. Kinga yake ni tarakimu iliyoandikwa mlangoni, na maneno ya Kiswahili yanayomweleza tarakimu hiyo ni ya kitu gani.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza matumizi yafuatayo katika nyaraka, vitabu vya kufundishia udereva na tafsiri:

(a) Uzito mtupu: uzito wa lori lenyewe pamoja na mafuta na vifaa vyake, bila mzigo.

(b) Uzito wa mzigo: uzito wa kile kinachobebwa peke yake.

(c) Uzito wa jumla: kiwango cha juu ambacho mtengenezaji ameruhusu kwa lori, watu na mzigo pamoja. Neno "uwezo" lisitumiwe hapa, kwa kuwa msomaji atalielewa kuwa ni mzigo.

(d) Mzigo wa ekseli: uzito unaoikalia barabara kupitia ekseli moja. Hiki ndicho kipimo cha mizani, na kisichanganywe na (c).

(e) Lori la uzito wa kati: litumike pamoja na tarakimu zake na jina la nchi ambayo kanuni yake inafuatwa. Tafsiri ya "lori la kazi ya kati" haifai. Neno la Kiingereza linalotumika hapo lina maana ya kazi, wajibu, zamu na hata ushuru. Lakini katika muktadha huu linahusu uzito ambao chombo kimeundwa kuuhimili.

(f) Fuso na kenta: yaandikwe kwa herufi ndogo yanapotaja aina ya lori, na kwa herufi kubwa, kwa tahajia ya asili, yanapotaja chapa. Katika mkataba, leseni au hati ya ushuru yasisimame peke yake. Yafuatwe na uzito wa jumla.

Huenda mwalimu akaona kwamba pendekezo hili la mwisho linalegeza kamba. Sivyo. Dereva atakayesoma kitabu chetu amejifunza neno "fuso" zamani, tena kwa watu anaowaamini. Tukimwandikia "fuso yenye uzito wa jumla wa tani 11" atatuelewa, na ataujua mpaka wa mzigo wake kabla hajaanza kuteremka mlima.