Halim El-Dabh na Waya wa Cairo

Mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, kijana wa miaka 23 aliazima mashine ya kunasa sauti kutoka kituo kimoja cha redio mjini Cairo. Mashine hiyo haikutumia kanda. Ilinasa sauti kwenye waya wa chuma mwembamba kama unywele, uliokuwa ukijiviringisha kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kanda ya sumaku ilikuwapo Ujerumani, lakini nje ya huko wachache mno waliijua. Halim El-Dabh na rafiki yake waliubeba mzigo huo hadi mahali palipokuwa na zaar, wakajifunika vichwa kama wanawake, wakaingia.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mengi kuhusu zaar. Ni kupunga pepo: ngoma, nyimbo, uvumba, mgonjwa aliyepandwa na pepo, na wakubwa wa uganga wanaomuuliza pepo anataka nini. Misri, Sudan, Ethiopia na nchi za Ghuba wana zaar yao, na Zanzibar wapo mashetani wa habeshia, ambao jina lao pekee linaonyesha walikotoka. Cairo shughuli hii ilikuwa ya wanawake, na mwanamume hakukaribishwa. Ndiyo maana walijifunika vichwa.

Kunasa ngoma, hata hivyo, hakukuwa jambo geni. Wataalamu wa Ulaya walikwisha kuzunguka Afrika na mashine zao. El-Dabh alitofautiana nao kwa alichofanya aliporudi redioni. Kituo kilikuwa na chumba cha mwangwi chenye kuta za kusogezwa. Alizipiga nyimbo zile humo, akazinasa upya, akazipiga tena, huku akipunguza sauti nzito za msingi hadi zikabaki zile nyembamba za juu ambazo sikio la kawaida huzipita bila kuzitambua. Maneno yaliyeyuka. Anayesikiliza leo hawezi kusema kwa hakika kama anasikia koo la mtu au upepo unaopita kwenye bomba. Kazi hiyo aliiita Ta'abir al-Zaar, akaisikilizisha hadharani mjini Cairo mwaka huo huo. Sehemu inayojulikana leo ni ya takriban dakika mbili tu, nayo husambazwa kwa jina la Wire Recorder Piece.

Waandishi wengi wa historia ya muziki wa umeme humtaja kwa sababu ya tarehe. Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa, ambaye vitabu vilizoea kumpa heshima ya mwanzilishi, alitoa kazi yake ya sauti za garimoshi mwaka 1948, miaka minne baadaye. Hoja hiyo ni ya kweli, na sisi Waafrika tuna haki ya kuifurahia, lakini naiona ndogo. Schaeffer alitaka sauti itengwe na kilichoitoa, garimoshi lisiwe tena garimoshi. El-Dabh alieleza kwamba alikuwa akitafuta sauti ya ndani, ile ambayo tayari imo katika wimbo. Mganga naye hufanya kazi ya namna hiyo: hamleti pepo kutoka nje, humtoa aliyekwisha kuwamo. Ukiichukua zaar kuwa malighafi tu ya maabara, rekodi zake zilizofuata zitakuwa fumbo. Ukiichukua kuwa shule yake, mengi yanafunguka.

Lipo pia deni. Tunalijua jina la mtunzi, tunajua mashine ilikuwa ya namna gani na ilikotoka. Wanawake walioimba wanatajwa kwa jumla tu, kama umati, na hakuna anayesema kama waliulizwa.

El-Dabh alizaliwa mwaka 1921 katika familia ya Wakopti wafanyabiashara wa nafaka. Alipokuwa na miaka 11 kaka zake walimpeleka kwenye Kongamano la Muziki wa Kiarabu la mwaka 1932 mjini Cairo, ambako watunzi Béla Bartók na Paul Hindemith walikuwa miongoni mwa wageni na mashine za kurekodi zilikuwa kazini. Hata hivyo alisomea kilimo. Alihitimu mwaka 1945, na kazi ya ubwana shamba ikampeleka vijijini, kwenye ngoma nyingine nyingi. Mwaka 1950 alipata ufadhili wa masomo wa Marekani, akaondoka.

New York alipewa nafasi katika studio ya muziki wa umeme ya vyuo vikuu vya Columbia na Princeton. Fahari ya studio ile ilikuwa RCA Mark II, sinthesaiza iliyojaza chumba na kulishwa karatasi zilizotobolewa. Mtunzi Milton Babbitt aliipenda kwa sababu ilimtii hadi chembe ya mwisho ya hesabu. El-Dabh alikuwa na tabia nyingine: alichanganya sauti za mitambo, kanda zilizoharakishwa au kupunguzwa mwendo, ala za kienyeji na koo za watu. Mwaka 1959 alitunga kazi kadhaa kwa mfululizo, na iliyodumu kuliko zote ni Leiyla and the Poet, iliyojengwa juu ya kisa cha Laila na Majnuni. Ilitolewa mwaka 1964 kwenye santuri moja pamoja na kazi za Babbitt, Otto Luening, Vladimir Ussachevsky na wengine. Ukiipiga santuri hiyo mwanzo hadi mwisho, kazi nyingine zitakuonyesha akili ya watungaji wake. Yake ina pumzi, ina kichaa, na hapo katikati unasikia tena kile chumba cha Cairo.

Nyakati nyingine hakuhitaji umeme kabisa. Clytemnestra, aliyomtungia mcheza dansi Martha Graham mwaka 1958, ni ya okestra na waimbaji. Watalii wanaokaa usiku mbele ya piramidi za Giza kutazama maonyesho ya sauti na taa wamekuwa wakisikia muziki wake tangu miaka ya 1960, wengi wao bila kujua ni wa nani.

Kati ya 1962 na 1964 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Haile Selassie, Addis Ababa. Huko, mwaka 1963, alianzisha Orchestra Ethiopia, akawaweka jukwaa moja wapigaji wa krar, masinko, washint na begena, ala ambazo kila moja ilikuwa na watu wake na mahali pake. Wahafidhina wanaweza kulalamika kwamba alivunja mipaka ya mila, nao hawatakuwa wamekosea. Lakini kundi lile liliendelea bila yeye kwa zaidi ya muongo mmoja, jambo ambalo siyo kila mgeni mwenye wazo zuri hulipata.

Mwaka 1969 alihamia Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Mei, askari waliwaua wanafunzi wanne pale pale chuoni, naye akajibu kwa opera iitwayo Opera Flies. Kazi zake za umeme zilikusanywa katika CD mwaka 2000 tu, akikaribia miaka 80. Hakustaafu kwa hilo: hadi karibu na kifo chake mwaka 2017 alikuwa bado anarekodi, safari hii akiwa na sanza mkononi, ile ala ya vijiti vya chuma ambayo Wagogo wa Dodoma huiita ilimba, na mwenzake kwenye mitambo akiinasa na kuigeuza.